Shangazi na Saa ya Kaunta

Shangazi yangu Somoe,

Utauliza kwa nini sikupigii simu. Unanijua. Kwenye simu mie hukubali kila kitu: ndiyo shangazi, salama shangazi, nasoma shangazi, kisha nampa mama. Niliyo nayo leo hayaingii kwenye "salama." Kwa hiyo nimekaa mezani, hapa kwetu Chamazi. Ni Jumamosi, uwanjani kuna mechi, na kelele za mashabiki zinapanda na kushuka kama mtu anayefungua na kufunga mlango. Naandika barua hii. Na naiandika wazi, kila atakaye aisome, kwa sababu wewe nawe hukuyasema ya kwako pembeni.

Sijui kama niliwahi kukuambia kwamba nilikuwa nakuogopa. Nilikuwa darasa la tano ulipohamia kwetu, baba alipopata kazi bandarini Mtwara na kusema ni afadhali wifi na wifi wakae nyumba moja kuliko kila mmoja kuhangaika kwake. Ulikuja na begi moja, pasi, na buti mbili za polisi. Ulikula ukiwa umesimama. Ulikuwa ukiuliza swali, unangoja jibu mpaka lije, na mimi ni mtu ambaye majibu yake huchelewa. Nilikuwa najificha nyuma ya vitabu. Ulidhani napenda kusoma kupita kiasi, na baadaye ikawa kweli.

Mwaka jana, likizo ya Juni, ulirudi na bahasha ya kaki. Uliiweka mezani, ukavua kofia, ukasema, "Mwanangu, nimepewa darasa."

Ulikuwa umechaguliwa kuwafundisha askari wenzako kwa wiki moja: namna ya kufanya kazi bila kumdhuru raia isivyo halali, ili raia asije akaishtaki serikali pamoja na askari huyo na kudai fidia. Nilisoma ile barua mara mbili. Nilikuwa najua polisi wanaweza kumshtaki mtu. Kwamba mtu anaweza kuwashtaki polisi, tena kwa kesi ya madai, bila kumfunga mtu, kwa kusema tu "mmeniumiza, nirekebishieni," hilo halikuwahi kupita kichwani mwangu. Nilikuuliza kama ni kweli. Ukacheka.

"Askari anashtakika kuliko fundi bomba," ulisema. "Fundi bomba akikosea, maji yanamwagika. Mie nikikosea, je?"

Ulikuwa unachapa kwa kidole kimoja, ukiitafuta kila herufi kama sindano iliyoanguka mkekani. Ndivyo nilivyopata kazi ya kukuchapia masomo. Wewe ulitembea sebuleni ukisema, mimi nikaandika. Jioni tulifanya mazoezi. Mama alikuwa raia.

"Mama, uko chini ya ulinzi kwa kosa la..."

"Kosa gani? Mie natoka zangu sokoni na dagaa wangu!"

"Wifi, fuata maandishi."

"Maandishi yapi? Kwani mtu akikamatwa anapewaga maandishi? Anakamatwa tu, anaanza kulia."

Ulisimama. Ukanigeukia, ukasema, "Hilo liandike. Hilohilo alilosema wifi." Likaingia kwenye somo la kwanza: *Anayekamatwa hajui yanayofuata. Mweleze.* Mama alijigamba wiki nzima kwamba yeye ni mwalimu wa polisi na hana hata cheti.

Jioni nyingine ulinifunga pingu. Nilitoa mikono mwenyewe, nikiwa natabasamu kwa woga.

"Zimekubana?"

"Hapana."

"Jitingishe."

Nikajitingisha. Zikalia tiki, tiki, zikaingia kwenye ngozi. Nilijitingisha tena kwa kushtuka, zikakaza zaidi.

"Umeona? Hazina akili, hazina huruma. Kadiri mtu anavyohangaika ndivyo zinavyojikaza." Ukazilegeza, ukaigeuza ile ncha ndogo iliyo upande wa nyuma wa ufunguo, ukaibonyeza kwenye kitundu pembeni mwa pingu. "Sasa jitingishe."

Nikajitingisha mpaka meza ikasogea. Hazikukaza hata kidogo.

"Hilo ni kufuli la pili," ulisema. "Sekunde mbili tu kulifunga."

Nilikitazama kile kitundu muda mrefu baada ya wewe kwenda kuoga. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Nilishangaa kwamba kati ya kumshika mtu na kumlemaza mtu kuna kitundu kama hicho, na mkono wa askari mmoja ambaye ama anakikumbuka au hakikumbuki. Shuleni tunafundishwa sheria kana kwamba zinakaa juu huko, kwenye majengo. Siku ile niliiona sheria ikikaa kwenye kiganja cha shangazi yangu.

Kisha tukafika somo la nne, la vitabu vya kituo. Ulianza vizuri. "Andika: kitabu cha mahabusu kinaonyesha nani kaingia, kwa kosa gani, saa ngapi, na hali ya mwili wake. Andika: askari anayeandika vizuri anajilinda." Nikaandika. Nikangoja. Vidole vyangu vilikuwa juu ya herufi. Nilipogeuka, ulikuwa umekaa. Sikuwahi kukuona umekaa katikati ya kazi.

"Futa hilo la mwisho," ulisema.

Ndipo uliponisimulia habari za Fundi Nangomwa.

Uliisimulia kama unavyosoma taarifa, bila kujitetea. Miaka sita nyuma, kulikuwa na msako wa wezi upande wa Mbagala. Mkaambiwa mmoja wao anatembea na chuma chenye ncha. Saa tano asubuhi mkamkuta mtu mzima kando ya barabara ana begi, na ndani ya begi patasi tatu. Alisema yeye ni mchongaji, ametoka kwao Newala miaka mingi, kibanda chake kile pale. Hakuna aliyekwenda kukitazama kibanda. Wewe ndiye uliyemfunga pingu. Hukufunga kufuli la pili. Akapandishwa kwenye difenda, gari lenu la doria, na msako ukaendelea, kwa sababu gari halirudi kituoni na mtu mmoja. Mkazunguka naye kwenye barabara zile za mashimo. Kila shimo, tiki. Alikwambia, "Mama, mkono unakufa ganzi." Ukamjibu, "Tulia, tunafika sasa hivi." Mlisimama mkala. Mlifika kituoni saa tisa alasiri.

Na kitabuni uliandika: amekamatwa saa tisa kasoro robo, hali yake ni nzuri.

Nilikuuliza kwa nini. Uliniambia kwamba ndivyo mlivyofanya katika kituo chenu cha wakati ule, kila mtu, na aliyekufundisha alifundishwa na mwingine. Sheria inahesabu muda wa mtu kukaa mikononi mwa polisi. Mkiandika saa ya barabarani, muda unaanza kuliwa mkiwa bado mnazunguka. Kwa hiyo muda ulianza mlipofika kaunta ya kituo, wote waliomo garini wakapewa saa ileile, mstari mmoja baada ya mwingine. "Hatukuuita uongo," ulisema. "Tuliita saa ya kaunta."

Kesho yake Fundi Nangomwa aliachiwa bila shtaka, maana patasi ni patasi. Lakini mkono wa kulia haukurudi. Alishtaki. Mahakamani alisema alikaa na pingu tangu saa tano hadi saa tisa. Kitabu kikaletwa, kikasema robo saa. Pingu za robo saa haziui mkono. Akashindwa. Wewe hata hukuitwa. Ulisikia habari hizo ukiwa kaunta, unakunywa chai, na ukaimaliza.

"Sasa nikawaambie wale watoto kwamba ukiandika vizuri unajilinda?" ulisema. "Mie niliandika vizuri. Nililindwa."

Mama alikuwa mlangoni, amebeba sufuria. Sikujua amesimama hapo tangu lini.

"Wifi," alisema, "fundisha yaliyo kwenye karatasi, urudi nyumbani."

"Wifi, mimi ndiye mfano wa somo lenyewe."

"Mfano mtafute kwingine. Ukisema uliandika uongo kitabuni, watakuacha? Cheo kitakwenda, kazi itakwenda, pengine na wewe mwenyewe utakwenda. Halafu yule mzee atapona mkono?"

"Hatapona."

"Basi!"

Mkanigeukia wote wawili. Naamini hamkutaka jibu, mlitaka tu pa kutazama. Nilikuwa na maneno mengi kifuani na likatoka moja, tena dogo.

"Yule mzee anajua kwamba wewe unajua?"

Mama aliiweka sufuria chini. Wewe ulinitazama kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani. Sikukusudia kukuamulia, shangazi. Mpaka leo nikikumbuka uso wako pale natamani ningeuliza jambo jingine, na papo hapo nafurahi kwamba sikuuliza jingine.

Ijumaa tulikwenda Mbagala, mimi na wewe. Ulivaa baibui na kandambili. Kibanda kilikuwepo palepale. Fundi Nangomwa alikuwa amekaa kwenye kigogo, anamwelekeza binti yake anayechonga, dada wa umri kama wa miaka ishirini. Mzee alikuwa anachora mistari juu ya mpingo kwa chaki, kwa mkono wa kushoto, na binti anafuata kwa patasi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichopewa akishike.

"Shikamoo mzee," ulisema.

Alikutazama. Hakuitikia. Sijawahi kusikia shikamoo ikikaa hewani namna ile. Nilitaka kuidaka niirudishe.

"Wewe ni yule mama wa difenda," alisema.

"Ni mimi."

"Nilijua utakuja. Nilidhani utakuja mapema."

Binti yake akaacha kuchonga. Ukamwambia yote, saa tano, kufuli la pili, saa tisa kasoro robo. Hukusema "tuliandika," ulisema "niliandika." Alikusikiliza mpaka mwisho, huku anafuta chaki vidoleni.

"Mie mahakamani nilisema saa tano," alisema. "Wakaniuliza, una saa ya mkononi? Sina. Una shahidi? Sina. Kitabu kinasema saa tisa kasoro robo. Nitabishana vipi na kitabu? Nilitoka pale mpaka mwenyewe nikaanza kujiuliza, kwani nilikaa mle garini kweli?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mzee."

"Radhi." Akaunyanyua mkono wa kulia kwa msaada wa kushoto. "Hiyo radhi yako niishike na nini?"

Lori la makontena lilipita, kibanda kikatetemeka.

"Mimi unaniambia nini, ilhali najua tangu siku ile?" alisema. "Nenda kaseme kulekule kwenu. Waambie wale walioamini kitabu. Na nikusikie ukisema."

Tulirudi kwa miguu mpaka mbali. Nilisubiri useme kwamba haiwezekani. Ulichosema ni kwamba darasa la Jumatano lina nafasi mbili za wageni.

Jumatano nilikwenda nawe Kurasini kwa sababu projekta ilikuwa inakuzingua na mimi ndiye niliyejua kuisemesha. Ukumbi ule ulikuwa jirani na yadi ya makontena. Kila vyuma vilipogongana huko nje, madirisha yaliitikia. Askari kama arobaini, wengi vijana. Nilijibanza nyuma ya kompyuta, nikashukuru kwamba ina kioo kipana. Fundi Nangomwa na binti yake walikaa karibu na mlango, na wote walidhani ni jamaa wa mtu.

Ulianza na pingu. Konstebo mmoja mrefu, Masanja, aliyekuwa mchekeshaji wa darasa tangu Jumatatu, akanyoosha mkono.

"Afande, kwa hiyo mwizi tumwombe ruhusa kwanza? 'Samahani kaka mwizi, mkono wako tafadhali'?"

Ukumbi ukalipuka. Hata wewe ulicheka. "Njoo mbele, kaka mwizi," ulisema. Ukamfunga pingu, na mimi peke yangu niliona kwamba hukugusa kile kitundu. "Rudi ukakae."

Ukaendelea na somo. Masanja aliwaonyesha wenzake mikono, akajifanya analia, akasukumwa bega, akacheka. Baada ya muda aliacha kucheka. Kisha akawa anasogea kwenye kiti.

"Afande, hizi pingu zinabana."

"Tulia, tunamaliza sasa hivi."

Niliposikia maneno hayo niligeuka. Karibu na mlango, Fundi Nangomwa alikuwa ameinamisha kichwa.

Ukafundisha, ukafundisha. Masanja akaita tena, safari hii bila mzaha. Ndipo ulipomfuata, ukamfungua, ukamwonyesha kila mtu alama nyekundu kwenye mikono.

"Umekaa nazo dakika ngapi?"

"Kama nusu saa hivi, afande."

"Ishirini na mbili." Ukachukua kalamu ya ubaoni. "Haya, sasa ndiyo tumefika kaunta. Niandike ngapi? Niandike dakika moja?"

Hakuna aliyecheka. Koplo mmoja wa makamo, aliyekaa mstari wa mbele, alisema taratibu, kana kwamba anajisemea, "Ndivyo tunavyoandikaga."

"Ndivyo nilivyoandika mimi," ulisema.

Na ukawaambia. Nilikuwa nimekuchapia somo lile neno kwa neno, lakini hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Uliwaeleza kuhusu patasi, difenda, mashimo na chakula mlichokula. Uliwaambia kwamba mtu huyo alishtaki na akashindwa, na kwamba kwenye mafaili kesi ile inahesabiwa kuwa ushindi. "Mmeletwa hapa mjifunze kukwepa kushtakiwa," ulisema. "Mie nilikwepa. Aliyebeba mzigo wangu ni yule aliyekaa pale mlangoni."

Vichwa arobaini viligeuka kwa pamoja. Mkaguzi aliyekuwa anasimamia mafunzo alisimama kutoka viti vya nyuma. Hakuwa mtu mbaya, asubuhi ile alinipa maji. Uso wake ulikuwa na huzuni zaidi kuliko hasira.

"Sajenti, inatosha. Tuonane nje."

"Nakuja, afande. Namalizia sentensi."

Shangazi, nimesoma vitabu vingi vya watu mashujaa. Ndani yake kuna farasi, mikuki, hotuba ndefu. Hakuna hata kimoja kilichoniambia kwamba ushujaa unaweza kuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja anayemwomba mkubwa wake nafasi ya kumaliza sentensi. Na sentensi yenyewe ilikuwa fupi. Ulimtazama Fundi Nangomwa, ukasema kwa sauti ya kawaida, "Nilimkamata saa tano asubuhi."

Ukaweka kalamu. Ukavaa kofia. Ukatoka.

Nilitaka kukufuata lakini ilinibidi nibaki na kompyuta, kwa hiyo niliona ambacho wewe hukukiona, na nimengoja muda mrefu kukuambia. Fundi Nangomwa aliinuka. Alitembea mpaka mbele, taratibu, mpaka kwa Masanja ambaye alikuwa bado amesimama anasugua viganja. Akamshika kidole kimoja kwa mkono wake wa kushoto, akakibonyeza kwenye ncha, kama mtu anayepima embe.

"Mwanangu," alimwuliza, "vidole vinarudi?"

"Vinarudi, mzee."

"Afadhali."

Akamwachia, akarudi mlangoni kwa binti yake, wakaondoka. Masanja alikaa chini akafunika uso.

Yaliyofuata unayajua kunishinda. Uliandika maelezo kwa mkono wako mwenyewe, kurasa tatu, ukaweka sahihi na anwani ya nyumbani, ukampa nakala Fundi na nakala mkubwa wako. Wiki za kungoja. Mama hakukusemesha siku mbili. Alikuwa anapitishia maneno kwangu, "mwambie shangazi yako chakula kipo," na wewe uko umbali wa hatua mbili. Kisha ukaitwa, ukavuliwa ngazi moja ya cheo, ukahamishiwa huko uliko, mbali kiasi kwamba baba alicheka aliposikia, akasema hata ramani inapaona kwa shida. Darasa akapewa mwingine. Nilikasirika kwa niaba yako. Ulikuwa unakunja shuka, ukaniambia, "Wamenihukumu kwa kosa nililolifanya kweli. Unajua ni wangapi waliopita mikononi mwangu hawakupata bahati hiyo?"

Tangu siku ile nasoma kwa namna nyingine. Nikisoma kwenye kitabu cha historia kwamba jambo fulani lilitokea saa fulani, nasimama, najiuliza nani alishika kalamu, na nani alikuwa ndani ya gari. Mwalimu wetu wa uraia alituuliza sheria inatoka wapi. Wenzangu wakataja Bunge, wakataja Katiba, na ni sahihi. Mimi nilinyoosha mkono. Mimi, shangazi! Nikasema inatoka pia kwa mtu anayeandika alichokiona kabla hajakaa kula. Darasa lilicheka kidogo. Mwalimu hakucheka. Aliniambia nieleze, nikashindwa, nikakaa. Ila nilikuwa nimesimama.

Sasa habari yenyewe iliyonifanya niandike.

Binti wa Fundi alipeleka yale maelezo yako kwa wakili wa msaada wa kisheria. Wakili akaomba mahakama iisikilize kesi upya, kwa sababu kuna ushahidi ambao mwanzo haukuwepo. Tulidhani itachukua miaka. Juzi Alhamisi, saa kumi, nikiwa nafua sare za shule, alikuja karani kwa pikipiki akiuliza nyumba ya Somoe. Mahakama imekubali. Kesi itasikilizwa tena, na samansi imekuja kwa jina lako, kwa anwani uliyoiandika. Unaitwa kuwa shahidi wa Fundi Nangomwa.

Nitakuambia ninachokiogopa, maana wewe hupendi mtu akuwekee akiba. Wakili wa upande wa pili atakuuliza: ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa? Atakuuliza mbele ya watu. Binti wa Fundi anasema wakili wao hawezi kuahidi kwamba wewe mwenyewe hutafunguliwa shtaka baada ya kusema ulichosema ukiwa umeapa. Ngazi moja umeshavuliwa. Zilizobaki nazo zinaweza kwenda. Na huenda Fundi akashindwa tena, kwa sababu mahakama ni mahakama. Nimeyapima yote haya siku mbili usiku na mchana, na nilipomaliza kuyapima nilijikuta sikuogopi tena wewe. Nilichonacho sasa ni kama kile mtu anachokihisi akisimama chini ya minara ya umeme kule Kinyerezi, anasikia inavyonguruma, anajua kuna kitu kikubwa kinapita humo, hakioni.

Karani alitaka mtu mzima apokee. Nilimwita mama. Alitoka jikoni na unga mikononi, akaifuta kwenye khanga, akaisoma samansi yote kutoka juu mpaka chini, na midomo yake ilikuwa inatembea. Nikajiandaa. Nilijua atasema alichosema mwanzo, kwamba mkono hautapona, kwamba nyumba hii ina watu wanaokula.

"Kalamu," alisema.

Karani akampa. Akaweka sahihi, ile sahihi yake ndefu ya darasa la saba. Akaniangalia.

"Mwandikie wifi yangu. Mwambie ushahidi ni Jumatatu ya mwisho ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, afike siku mbili kabla apumzike. Na asije amejifunika baibui kama mtu aliyekuja kuchungulia kesi ya mwenzake." Akamrudishia karani kalamu yake. "Aje na sare."

Safari njema, shangazi. Tunakungoja.

Mimi,
mwana wa kaka yako